Mtu Kati ya Viumbe: Jibu kwa Mzazi wa Namanyere

Mzazi mmoja wa Namanyere ametuletea barua ndefu, yenye hati nzuri na hasira kidogo. Binti yake, asomaye shule ya sekondari, alirudi nyumbani kwa likizo akiwa na daftari lake la biolojia. Baba akalifungua, kama ifaavyo baba yeyote mwenye kulipa ada, akakuta mtu ameandikwa katika orodha moja na ng'ombe, popo, panya na nyani, na juu ya orodha hiyo pameandikwa kwamba hao wote ni wanyama. Mzazi huyo atuuliza: "Je, nimwambie mtoto aandike jibu hilo kwa ajili ya mtihani, kisha aliache nje ya mlango wa kanisa?"

Twamjibu hapa, katika ukurasa huu, kwa kuwa twajua swali si lake peke yake. Nasi twaanza na sehemu ya mwisho ya swali, maana ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi. Kumfundisha mtoto aandike asichokisadiki ili apate alama ni kumfundisha kusema uwongo kwa kalamu. Mtoto azoeaye kuwa na kweli mbili, moja ya darasani na moja ya kanisani, haendi mbali kabla hajapata ya tatu, ya sokoni, na ya nne, ya ofisini. Mungu aliyetupa imani ndiye aliyeumba mifupa. Ikiwa daftari lasema kweli, basi lisemwe popote. Na ikiwa lasema uwongo, lisiandikwe hata mtihanini.

Je, lasema kweli? Twaomba msomaji aende nasi buchani.

Sisi wa Ufipa twajua kulima kwa ng'ombe, na miguu yake twaiona kila siku. Lakini ni wachache wetu walioitazama mifupa yake kwa makini. Mguu wa mbele waanza na mfupa mmoja mnene utokao begani. Chini yake ipo mifupa miwili iliyoshikamana. Kisha yafuata mawe madogo madogo ya kifundo, pale ambapo watu husema ni goti la ng'ombe; kumbe si goti, ni kiwiko cha kiganja, kama hiki chetu tunachofungia saa. Chini ya hapo upo mfupa mmoja mrefu, lakini ukiutazama vizuri utaona mfuo umepita katikati, kwa kuwa kwa asili ni mifupa miwili iliyoungana. Mwishoni vipo vidole viwili, na kwato zake ni kucha. Ng'ombe, basi, asimama juu ya ncha za vidole vyake maisha yake yote. Punda amezidi: yeye asimama juu ya kidole kimoja tu cha kila mguu, kile cha kati.

Sasa msomaji ajipapase mkono wake mwenyewe. Mfupa mmoja, kisha miwili, kisha mawe madogo ya kiganja, kisha vidole. Amkamate popo aliyeanguka kanisani jioni (nasi tuna popo wa kutosha katika makanisa yetu) aunyoshe ubawa wake: mfupa mmoja, kisha miwili mmoja wao ukiwa umedhoofu, kisha vidole virefu mno vilivyotandikiwa ngozi kama vijiti vya mwavuli, na kidole gumba kimebaki huru kwa ajili ya kung'ang'ania. Bawa la kuku halina tofauti katika msingi wake, ila vidole vimebaki vitatu vilivyofupishwa na kuunganishwa. Kasia la nyangumi ndani ya bahari, ambalo kwa nje lafanana na pezi la samaki, ndani lina mifupa hiyo hiyo. Shingo ya twiga wa Katavi ina pingili saba, na ya panya wa ghalani ina pingili saba, na ya Askofu ina pingili saba.

Mambo haya hayakubuniwa na watu wasiomcha Mungu. Mwaka 1555 Mfaransa Pierre Belon alichapa kitabu juu ya ndege, na ndani yake akachora mifupa ya mtu na mifupa ya ndege bega kwa bega, akiitia alama mfupa kwa mfupa. Miaka mia moja baadaye Nicolaus Steno, Mdenmark aliyekuwa stadi wa kuchunguza miili, aliwaonyesha watu kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine. Watu waliozoea kuuona moyo kuwa kiti cha mambo ya ajabu walishtuka. Steno huyo akaingia katika Kanisa Katoliki, akawa padre, kisha askofu, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Kisu chake cha kupasulia hakikumzuia kufika altareni.

Tena yapo mabaki. Chatu, ambaye babu zetu wa Ufipa walimpa heshima kubwa kwa kuwa walimhusisha na mizimu ya nchi, ana vikucha viwili vidogo karibu na mkia, na ndani ya nyama yake kuna vipande vya mfupa wa nyonga na wa paja. Ni nyoka, lakini mwili wake haujasahau miguu. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa na Wafipa na kuandika habari zao, alitoa mwaka 1974 kitabu juu ya mtu na mnyama katika mawazo ya makabila matatu ya Afrika, na mojawapo lilikuwa letu. Chatu ana nafasi yake humo. Katika msitu wa Mbizi, karibu na mji wa Sumbawanga, wangaliko mbega wekundu, na mbega ni nyani asiye na kidole gumba, au aliye na kijinundu tu mahali pake. Jina lake la kitaalamu latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Wazungu wa zamani walimwona kama kilema. Naye aruka kutoka tawi hadi tawi kwa wepesi ambao mwenye kidole gumba hataupata kamwe.

Ziwa letu nalo lina ushuhuda. Katika Tanganyika yumo kambare-mamba, samaki mwenye mapafu, na pezi lake laanza kwa mfupa mmoja unaoungana na bega. Baharini yuko nduguye wa mbali, yule ambaye Wakomoro humwita gombessa. Wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani zamani za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia mwaka 2003 amekuwa akinaswa katika pwani ya Tanzania, hasa Tanga. Kwa hesabu ya ukoo, kambare-mamba yu karibu na sisi kuliko alivyo karibu na dagaa wa Kirando. Twajua kwamba msomaji atalisoma sentensi hiyo mara mbili. Nasi tuliisoma mara mbili tulipoikuta mara ya kwanza.

Hata hivyo si kila kiumbe kimejengwa kwa ramani yetu. Mdudu ana mifupa nje, kama askari wa kale aliyevaa deraya. Uzi wake mkubwa wa neva wapita tumboni, na moyo wake upo mgongoni, kinyume kabisa cha sisi. Konokono ana mwili laini na mguu mmoja wa kutambalia. Konyeza hana mbele wala nyuma, ana juu na chini tu, kama gurudumu. Na katika Ziwa Tanganyika, mbali na bahari yote, wapo konyeza wadogo wenye ukubwa wa sarafu, ambao Mjerumani Richard Böhm aliwagundua mwaka 1883. Ramani kuu za miili ya wanyama zimehesabiwa kuwa zaidi ya 30, na sehemu kubwa yake ni za minyoo na viumbe vidogo vya majini tusivyovipa hata majina. Wadudu peke yao waliokwisha kuandikwa na wataalamu wapata aina milioni 1. Wanyama wanyonyeshao hawafiki hata 7,000. Kama Mwenyezi Mungu angepimwa kwa wingi wa kazi zake, tungesema anapenda sana mbawakawa.

Huko Paris, mwaka 1830, mabingwa wawili walibishana hadharani juu ya ramani hizi. Cuvier alishikilia kwamba zipo nne, na kati yake hapana daraja. Geoffroy Saint-Hilaire alishikilia kwamba wanyama wote ni wa ramani moja; naye alikwisha kusema hapo nyuma kwamba ukimlaza kambakochi chali, viungo vyake vya ndani vyapangika kama vya mnyama mwenye uti wa mgongo. Watu walimcheka, na wengi walisema Cuvier ameshinda. Lakini katika miaka ya 1990 wachunguzi wa jeni, yaani yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya mwili, walikuta kwamba jeni zipangazo mgongo na tumbo la nzi ni jamaa ya zile zipangazo mgongo na tumbo la chura, ila zimepinduliwa. Na mwaka 1995, huko Uswisi, walichukua jeni ya panya ihusuyo kuumbika kwa jicho, wakaiamsha katika nzi mahali pasipo pake, na nzi akaota jicho mguuni. Halikuwa jicho la panya, bali jicho la nzi. Agizo lilikuwa lile lile, na kila mwili ulilitii kwa namna yake.

Hapa twapenda kuweka tahadhari, kwa sababu kufanana kwaweza kudanganya. Kufanana kupo kwa namna mbili. Watu wawili waweza kufanana kwa kuwa ni ndugu, au kwa kuwa wote ni wahunzi na moto umewaunguza nyusi. Mchwa na siafu wafanana kwa maisha yao ya jeshi na malkia, lakini mchwa ni jamaa ya mende, na siafu ni jamaa ya nyuki. Mwingereza J. E. S. Moore alipokuja katika ziwa letu miaka ya 1890 aliona makombe ya konokono yaliyofanana sana na ya baharini, akaamini kwamba ziwa hili liliwahi kuungana na bahari, akaandika kitabu kizima mwaka 1903. Alikosea. Konokono wale ni wa maji baridi, wameumbika hivyo humo humo ziwani. Na mwaka 2010 ilitangazwa habari ya mamba wa kale aliyefukuliwa katika bonde la ufa la Rukwa, mdogo, mwenye miguu mirefu na meno ya kutafunia kama ya mnyama anyonyeshaye. Wataalamu walimwita Pakasuchus, kwa kuwa aliwakumbusha paka wetu wa jikoni, na sehemu ya pili ya jina lake ni kumbukumbu ya marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa na meno ya paka, lakini hakuwa paka. Ajuaye kuchunguza hatazami jino moja, hutazama mwili wote.

Na kutoka bonde hilo hilo la Rukwa, mwaka 2013, yalitangazwa mataya mawili yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Moja ni la kiumbe aliyeitwa Rukwapithecus, wa ukoo wa sokwe, ambao kwa mwili ni ukoo wetu pia. La pili ni la Nsungwepithecus, wa ukoo wa nyani wenye mkia. Ni mabaki ya kale kuliko yote yaliyokwisha kujulikana ya koo hizo mbili. Jina la mkoa wetu, basi, limeandikwa katika kitabu cha mwanzo wa safari hiyo. Mzazi wetu wa Namanyere asidhani kwamba daftari la bintiye limeleta mambo ya Ulaya. Mambo haya yametoka chini ya ardhi yetu.

Basi daftari lasema kweli. Kanisa lasemaje? Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu umetokana na viumbe hai vilivyotangulia, huku akifundisha kwamba roho ya kila mtu yaumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Yohane Paulo II, mwaka 1996, aliwaambia wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba fundisho la mageuzi ya viumbe limekwisha kuwa zaidi ya dhana tu. Lakini akakataa mawazo yasemayo kwamba roho ya mtu ni povu la maada. Hata kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, chasimulia kwamba mtu alifinyangwa kwa udongo, na mistari michache baadaye kwamba wanyama nao walifinyangwa kwa udongo. Udongo haukuwa wa namna mbili.

Labda sehemu ya uchungu wa mzazi wetu yatokana na neno lenyewe. Kwa Kiswahili ukimwita mtu mnyama umemtukana. Lakini tusikilize lugha yetu vizuri zaidi. Twasema mtu amekuja, ng'ombe amekuja, samaki amekufa, nzi ametua. Bali mti umeanguka, na jiwe limeanguka. Wazee waliotuachia lugha hii hawakusoma biolojia, lakini waliwatia mtu na nzi katika ngeli moja, wakaviacha nje vingine vyote. Walikosea kwa uyoga tu, ambao wauita kama mti, ingawa wachunguzi wa leo wametuambia kwamba uyoga yu karibu na wanyama kuliko mimea. Twaweza kuwasamehe. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna seminari isiyomfundisha, hakuona haya kumwita mtu mnyama mwenye akili. Uhai wa mmea, yaani kula na kukua, umo ndani yetu. Uhai wa mnyama, yaani kuhisi na kwenda, umo ndani yetu. Na roho yenye akili haikuvifukuza hivyo, imevitwaa na kuvitumia.

Tomaso huyo aliuliza swali ambalo twaliona zuri kuliko yote katika habari hii. Kwa nini Mungu alimpa mtu mwili dhaifu hivi? Fahali ana pembe, simba ana makucha, kondoo ana sufi, ndege ana manyoya. Mtu azaliwa uchi, bila silaha wala vazi. Naye ajibu kwamba mtu amepewa akili na mikono, na kwa hivyo aweza kujitengenezea silaha, nguo na vitu vingine bila hesabu. Pembe ni jibu moja kwa adui mmoja. Mkono haujafungwa kwa kazi moja. Tena aongeza jambo ambalo kila mfugaji atalikubali: kama mtu angetembea kwa miguu minne, mikono ingekuwa miguu, naye angelazimika kuchukua chakula chake kwa mdomo, basi mdomo ungekuwa mrefu na mgumu, na ulimi mgumu, usiweze kusema. Yaani tumesimama wima ili mikono iwe huru, na mikono iko huru ili mdomo uweze kunena. Hayo yaliandikwa katika karne ya 13, na mtu aliyejua kutazama ng'ombe.

Twaona kwamba hapo ndipo penye jibu. Vidole vitano si fahari yetu. Mjusi anavyo vitano. Kidole gumba si fahari yetu peke yetu. Sokwe wa Mahale anacho, na mwaka 1960 marehemu Jane Goodall aliwaona wenzake wa Gombe wakitumia vijiti kuvulia mchwa kichuguuni. Kiungo ni kile kile. Linalohojiwa ni nani anenaye kwa kiungo hicho. Pale Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, magogo mawili yalifukuliwa yaliyochongwa na kuunganishwa kwa pengo, moja juu ya jingine. Ilitangazwa mwaka 2023 kwamba yana umri wa miaka 476,000 au zaidi. Hata waliochonga huenda hawakuwa watu wa umbo letu hasa. Hatujui majina yao wala kama waliomba. Lakini mtu hachongi pengo katika gogo la kwanza bila kuliona gogo la pili katika mawazo yake.

Tungeweza kuishia hapa kama swali lingekuwa la daftari tu. Lakini mambo haya ya viungo yana upande mwingine, nasi tungekuwa wanafiki kama tungeyapita.

Yuko mtu asemaye: kama mimi ni mnyama, basi na niishi kama mnyama. Huyo hatumjibu kwa maneno mengi. Hajawatazama wanyama. Fahali halewi akampiga mama wa ndama wake.

Yuko mwingine, naye ndiye wa kuogofya. Huyu hasemi kwamba sisi sote ni wanyama. Asema kwamba baadhi yetu si watu. Hupima utu kwa umbo la mwili. Zamani, katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, akaogopwa, na mahali pengine akauawa, kwa sababu ya meno mawili yaliyotangulia mengine kwa wiki chache. Na kuanzia mwaka 2006 hivi, nchi yetu imeona makumi ya ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa, na wengine wakikatwa mikono wakiwa hai, ili viungo vyao viuzwe kwa watafutao utajiri na vyeo. Mkoa wa Rukwa haukusalimika. Mji wetu waitwa Sumbawanga, na wenyeji hueleza kwamba maana yake ni kumwamuru aingiaye autupe uchawi wake nje. Lakini watu walikatwa mikono katika nchi ya mji huo. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2009, na tena mwaka 2015. Mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto wa miaka miwili na ushei alinyakuliwa mikononi mwa mama yake akauawa, na miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo padre. Hukumu ni ya mahakama, nasi hatumhukumu mtu. Lakini twaandika neno hilo padre kwa mkono wetu wenyewe, kwa sababu gazeti la Kanisa lisiloweza kuliandika halina haki ya kuwahubiri wapiga ramli.

Basi daftari la binti lingewaambia nini watu hao? Lingewaambia jambo rahisi sana. Mtu mwenye ualbino ana pingili saba za shingo. Ana mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vidole vitano. Kilichopungua ni rangi moja ambayo mwili hutengeneza ili kukinga ngozi na jua. Upungufu huo huonekana pia kwa samaki, kwa chura, kwa nyoka, kwa ndege. Sheria yake ilipatikana kwa njegere, katika bustani ya monasteri: Gregor Mendel, mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, aliichapa mwaka 1866. Baba mweusi na mama mweusi waweza kila mmoja kubeba agizo hilo lililojificha bila kujua, na hapo kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ualbino. Mama hakuzini. Hakulaaniwa na mtu. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba wapo mmoja kati ya watu 1,400 hivi. Maana yake wengi sana kati yetu twalibeba agizo hilo damuni, na huenda yeye anayeshika panga alibeba pia. Hapana dawa ya utajiri katika mkono uliopungukiwa na rangi. Kuna hatari ya kansa ya ngozi, na haja ya kofia, ya nguo ya mikono mirefu, na ya mafuta ya kukinga jua, hasa katika uwanda wetu ulioinuka ambapo baridi ya asubuhi humdanganya mtu kwamba jua si kali.

Ndiyo maana hatutaki binti afundishwe kuliacha daftari nje ya kanisa. Alilete ndani. Kuna wazazi wa Kikristo watakaosikia kwamba kila mtu ni mfano wa Mungu, wakaitikia Amina, na bado wakaogopa kukaa benchi moja na mtoto yule. Watu wa namna hiyo huenda wakasaidiwa na somo la jeni kabla ya somo la katekisimu. Na kuna wasomi watakaoijua jeni kwa jina na namba, na bado wasijue kwa nini ni vibaya kumuuza mtu. Nao wana haja ya katekisimu, kwa kuwa biolojia yaweza kuwaambia kwamba mkono ule ni sawa na wao, lakini haiwezi kuwaamuru waheshimu walio sawa nao. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili na viungo, alisema viungo vionekanavyo kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Alikuwa akisema habari za Kanisa, lakini alichagua mfano wa mwili, na hakuuchagua ovyo.

Turudi kidogo kwenye lugha. Twasema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kigego. Maneno hayo yote yameanza kama kiti na kikapu. Wazee walipoona kiungo kimepungua, waliliteremsha jina la mtu katika ngeli ya vitu. Hili si jambo la kujivunia. Lakini sikiliza kitenzi: hatusemi kipofu kimekuja, twasema kipofu amekuja. Jina limemshusha, kitenzi kimekataa kumshusha.

Ama mzazi wetu wa Namanyere, twamjibu hivi: mtoto aandike kwamba mtu ni mnyama, mwenye uti wa mgongo, anyonyeshaye, wa jamaa ya sokwe, maana ndivyo ilivyo. Apate alama zake. Kisha akiulizwa nyumbani mtu ni nani, aongeze yale ambayo mtihani haukuuliza. Na mkichinja kuku siku ya sikukuu, baba, usimwachie mama peke yake kazi ya kumkata. Mwite binti, mlinyoshe bawa moja mezani, mtafute mfupa ule mmoja, na ile miwili, na masalio ya vidole vitatu. Cha kwanza ni kidogo sana, chenye kukaa peke yake pembeni. Sisi kilitupotea mara mbili kabla hatujakiona.